Picha ao video: dola 10 za tangazo zinaenda wapi?

Kwenye Facebook na status za WhatsApp za wakaaji wa Goma, Bukavu ao Butembo, video fupi zimejaa: vitenge vinakunjuliwa, viatu vinazungushwa, muziki unapiga nyuma. Mwenye duka akiona hivyo, naye anataka kulipia video. Lakini mbele ya kutoa dola zake 10, kuko mambo ya kupima.

Kwanza ni mega. Picha iliyobanwa na WhatsApp mara nyingi haifikii hata mega moja. Video ya sekunde 30 inaweza kula kadhaa. Mama anayenunua mega za siku moja hafungui kila video, na reso ikiwa chini inazunguka tu mpaka anapita. Picha inafunguka. Bei, namba ya simu na mahali duka iko vinaonekana mara moja, na anaweza kumtumia dada yake ao kuichunga mpaka siku feza itapatikana.

Halafu kuko hesabu, na hapa ndipo feza nyingi zinapotea. Kipimo kimoja cha kawaida cha Facebook kinahesabu video kuwa imeangaliwa ikicheza sekunde 3 tu. Mwaka 2016 kampuni yenyewe ilikubali kwamba ilikuwa ikitangaza muda wa wastani mrefu kuliko kweli, juu iliacha inje wale walioangalia chini ya sekunde hizo 3.

Goma na Bukavu jambo hili linauma zaidi, juu benki zilifunga M23 ilipochukua miji hiyo Januari na Februari 2025. Matangazo ya Facebook mara nyingi yanalipwa kwa kadi. Basi mfanyabiashara anatuma feza kwa simu kwa kijana mwenye kadi; kijana anakata yake, kisha anarudisha kapture: watu 4,000 wameangalia. Ni namba nzuri, lakini wangapi waliandika kuuliza bei? Hilo ndilo swali la kumuuliza kijana, na mbele ya kulipa aambiwe apange tangazo litafute watu wa kuandika ujumbe, si waangaliaji.

Video si bure lakini. Muuza babula inayokula makala kidogo hawezi kulionyesha hilo kwa picha. Mnunuzi anataka kuona sufuria ikichemka. Tena picha zinaibwa ovyo: nguo ya kwenye picha inatoka duka la mbali, inayofika ni ingine, na wateja wamechoka kudanganywa. Video iliyopigwa dukani, mkono wa muuzaji ukivuta kitambaa, sauti yake ikitaja mtaa, ni ngumu zaidi kuiba. Bei itokee sekunde za kwanza, kwa maandishi, juu wengi wanaangalia bila sauti.

Mwenye feza kidogo anaweza kuweka video kwenye status, ambako halipi tangazo na wanaoangalia wanamjua, halafu dola 10 zilipie picha. Muuza unga na sukari, yeye, bei ya leo iliyoandikwa vizuri inamtosha.