MKWE SI SHEMEJI

Ndugu msomaji, hebu tulitazame neno "mkwe". Wazazi wa mke wako au wa mumeo ni wakwe zako. Aliyemwoa binti yako, na aliyeolewa na mwanao, naye ni mkwe wako. Neno ni moja kwa pande mbili, kwa kuwa na haki ni za pande mbili. Wazee wetu wa Pwani walimwita mama mkwe "mavyaa" na baba mkwe "bavyaa". Ndani ya maneno hayo limo "kuvyaa", yaani kuzaa. Mkwe walimhesabu mzazi.

Na sheria yasemaje? Qur'ani Tukufu (25:54) imeutaja ukwe sambamba na nasaba. Na katika 4:23 mama wa mke ametajwa miongoni mwa wanawake walio haramu kuwaoa. Uharamu huo huanza kwa kufungwa nikahi, na hauondoki hata mke akifa au akiachwa. Basi mama mkwe ni maharimu wako milele.

Tazama sasa tunavyoishi! Mama mkwe augua, mume wa binti yake asimama mbali, hathubutu hata kumshika mkono ampandishe garini. Ati mila hairuhusu! Lakini nyumbani kwake huyo huyo, nduguye huingia na kutoka apendavyo, akakaa faragha na mke wa nyumba, wakataniana. Ukiuliza, waambiwa: "Si shemeji tu?"

Wako wanaojikinga kwa Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) alimfananisha "hamu" na mauti. Neno hilo hulifasiri "mkwe". La hasha! Hadithi hiyo yakataza wanaume kuingia kwa wanawake faraghani, na Imamu Nawawi ameeleza kwamba waliokusudiwa ni jamaa za mume kama vile nduguye, wala si baba yake, kwani huyo ni maharimu. Onyo ni la shemeji, nasi tumembandika mkwe!

Hatusemi heshima ya mkwe iondoshwe. Stahi ni pambo la Mwislamu. Lakini stahi imwachayo mama mgonjwa bila wa kumwinua si stahi, ni dhuluma iliyovishwa kanzu ya mila.

Basi, ewe ndugu, mrudishie kila mmoja mahali pake. Mlangoni mwako, shemeji na abishe hodi, na asipokuwapo mwenye nyumba arudi. Na mavyaa akiugua, mwinue kwa mikono yako.