Modeli Isiyo na Kumbukumbu Haina Haki ya Kutuamulia

Katika miteremko ya Mlima Meru, maji si jambo la kubahatisha. Miamba ya volkano huyatia floraidi, na wakazi wa Ngarenanyuki na Maji ya Chai hawahitaji msomi wa kuwaeleza maana yake: wanaiona katika meno yaliyogeuka kahawia na mifupa iliyopinda. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kisima kimoja chaweza kuwa salama, na jirani yake kikakivuka kikomo hicho mara kadhaa.

Ndiyo maana watafiti hutumia modeli za kompyuta kuiga mwendo wa maji chini ya ardhi. Modeli hulishwa takwimu za mvua, miamba na maji yanayovutwa, kisha hutoa mafaili ya matokeo. Mafaili huzaa ramani, ramani huzaa ripoti, na ripoti humshauri mwenye mamlaka kisima kichimbwe wapi. Nauliza: mafaili hayo yako wapi?

Kwa niliyoyashuhudia katika ualimu wangu, mengi hulala katika kompyuta ya mwanafunzi au kwenye flashi, kwa majina kama “mwisho”, “mwisho2” na “mwisho_sahihi”. Mwanafunzi akihitimu, ushahidi huondoka naye. Ramani hubaki ukutani, wala hakuna awezaye kusema ilitokana na toleo lipi la programu au makadirio yapi ya mvua. Huo si utafiti. Ni uaguzi wenye michoro ya rangi.

Dawa ipo. Git, mfumo wa kutunza matoleo ya mafaili ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hautozi hata senti. Huandika nani alibadili nini, na lini. Wapinzani husema mafaili ya matokeo ni mazito mno. Ni kweli, Git haikuundwa kubeba mizigo hiyo. Basi mafaili yakae kwenye seva, na hifadhidata yenye matoleo itunze msimbo, takwimu za kuanzia na alama ya utambulisho ya kila faili, ili hata tarakimu moja ikibadilika, ijulikane.

Wengine hudai kuwa data ni mali yao. Iliyolipiwa na umma ni ya umma.

Mwaka 2020, modeli ya Imperial College London iliyochangia uamuzi wa Uingereza wa kufunga shughuli ilizua mzozo, kwa kuwa msimbo wake wa zaidi ya miaka 13 haukuwa na maelezo. Ulipowekwa hadharani, wengine waliweza kuukagua. Imani hujengwa hivyo, si kwa cheo.

Arusha hatuna udhuru. Hapa Lakilaki zimehifadhiwa kumbukumbu za Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyofungwa mwaka 2015, kwa sababu ulimwengu ulikubali kwamba hukumu bila ushahidi uliotunzwa ni maneno matupu. Nayo sheria yetu ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inazitaka ofisi za umma kutunza kumbukumbu zao.

Basi mtumishi wa umma, usipokee ripoti ya modeli isiyoambatana na matoleo yake. Mwanaharakati, yadai. Mwanafunzi, anza leo. Anayekunywa maji ya kisima hicho ana haki ya kujua ni hesabu gani iliyomwamulia.