Pomona na Bustani Iliyoachwa

Mwaka 1872, katika Kisiwa cha Wight huko Uingereza, Bibi Julia Margaret Cameron alimsimamisha msichana mbele ya majani yaliyosongamana, akampiga picha. Msichana huyo, Alice Liddell, alikuwa na umri wa miaka 20. Nywele zake zimemwagika mabegani, mkono mmoja umeshika kiuno, na macho yake yanamkabili mtazamaji. Alisimama badala ya Pomona, ambaye kwa Warumi wa kale alikuwa mungu wa kike wa miti ya matunda.

Siku hizo picha ilipigwa kwa bamba la kioo lililopakwa dawa, na mpigwa picha alilazimika kutulia kwa muda mrefu. Bibi Cameron aliziacha picha zake zififie kama ukungu wa alfajiri. Baadhi ya mafundi wa wakati wake walimlaumu kuwa hajui kazi. Hata hivyo, ni ukungu huo unaozifanya zifanane na ndoto.

Masimulizi ya Warumi yasema kwamba Pomona haondoki bustanini mwake: hupogoa, humwagilia, na hufunga lango. Hapo ndipo picha hii imgusapo mkazi wa Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyo kusini mwa Uganda, si mbali na Mbarara. Mama aliyeiacha miparachichi yake Kivu au Burundi huenda asimtazame sana msichana. Atayatazama majani, akajiuliza ni nani achumaye sasa.

Familia za askari na polisi hazihitaji kuelezwa jambo hili. Amri ya uhamisho hufika, mizigo hupakiwa katika lori, na mpapai uliopandwa nyuma ya nyumba huachiwa jirani matunda yakiwa bado mabichi. Kwa sababu hiyo wengi husita kupanda, wakisema kwamba wao ni wapitaji tu.

Lakini mpapai huweza kuzaa katika muda wa mwaka mmoja hivi, na mwembe uliooteshwa kwa kokwa huhitaji miaka 5 au zaidi. Mtoto hakui kwa kungoja wazazi wapate makao ya kudumu. Bibi Cameron mwenyewe, mzaliwa wa Calcutta, aliiacha nyumba yake ya Wight mwaka 1875 akahamia Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, akafia huko mwaka 1879.

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Apewaye jembe na apande. Akihamishwa kabla ya mavuno, atakayeingia nyumba ile atakuta kivuli na tunda.