Swali Kabla ya Koleo: Ilani Yetu ya Luberizi

Sisi akina mama na akina baba wa Luberizi, wauguzi, waganga wa meno, na sisi ambao damu yetu hukawia kuganda, tumekutana hapa katika uwanda wa Ruzizi, kando ya barabara inayounganisha Bukavu na Uvira, na tunatamka: jino bovu lisiue mtu tena.

Tunaamini kwamba hemofilia si ulozi wala laana ya ukoo. Ni upungufu wa protini ya kugandisha damu, iitwayo faktori. Aina yake iliyoenea zaidi humpata mtoto mmoja kati ya takribani 5,000 wa kiume wanaozaliwa. Mama huipitisha bila kosa lolote, na karibu theluthi ya wagonjwa hawana ndugu aliyewahi kuugua. Wanawake nao hupatwa na ugonjwa wa von Willebrand, nao ni wa damu kukawia kuganda, unaojificha ndani ya hedhi nzito. Basi mama asifukuzwe, na mtoto asifichwe.

Tunajua pia hila ya damu inayokawia kuganda. Jino likishang'olewa, damu inaweza kukoma na mgonjwa akaaga. Usiku inaanza upya, naye yuko nyumbani, usafiri hakuna.

Kwa hiyo tunadai:

1. Swali litangulie koleo. Ulipotahiriwa, damu ilikoma baada ya siku ngapi? Magoti huvimba bila kuumia? Hedhi yako ikoje? Kuna mjomba aliyekufa kwa kutokwa damu? Swali halitaki umeme wala fedha.

2. Majibu yakitia shaka, jino lisiguswe kwanza. Mgonjwa apelekwe hospitali kubwa apimwe, na dawa ya faktori iandaliwe kabla ya kung'oa, si baada.

3. Sindano ya ganzi ya kina katika taya la chini isipigwe bila faktori, kwani damu inaweza kuvujia kooni na kuziba pumzi.

4. Kung'oa kufanyike asubuhi; pengo lishonwe na kubanwa kwa shashi; mgonjwa alale karibu na kituo.

5. Asidi ya traneksamiki, iliyotokana na kazi ya Wajapani Utako na Shosuke Okamoto, isikosekane. Haihitaji friji, hulinda donge la damu lisiyeyuke.

6. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli. Aspirini na ibuprofeni ni mwiko.

Nasi tunaahidi kuwafundisha watoto kupiga mswaki mara mbili kwa siku ili koleo lisihitajike, na kumsindikiza kila mgonjwa, kwenda na kurudi. Kila tarehe 17 Aprili, Siku ya Hemofilia Duniani, tutasimama hadharani na kueleza tulichotimiza.

Ndugu msomaji, ukimjua mtoto ambaye kidonda chake hakikauki, mlete. Nawe ushikaye koleo, tunakusihi: uliza kwanza.