Mhariri wa Chama Si Tarishi wa Bodi

Gazeti la kila siku likipotoka, mji mzima hupiga kelele. Jarida la wafanyabiashara likipotoka, wenye maduka hutekeleza. Wasomaji wake ni wachache na riziki yao imo humo, kwa hiyo tangazo la mistari michache linaweza kusafisha rafu za nchi nzima bila askari kugonga mlango hata mmoja.

Mfano tulio nao ni Börsenblatt, jarida la wauza vitabu wa Ujerumani. Lilianza kutoka mjini Leipzig Januari 1834, miaka tisa baada ya wauza vitabu kuunda chama chao, Börsenverein. Kazi yake ilikuwa ya kawaida kabisa: vitabu vipya na bei zake, nani amefungua duka, nani amefilisika, nani anatafuta nakala ya kitabu kilichoadimika. Muuzaji wa mji mdogo, mbali na Leipzig, alilipitia na kalamu mkononi, akaandika oda yake. Kitabu kisichotajwa humo kilikuwa na safari ngumu ya kufika dukani.

Chama chenyewe kilikuwa na heshima yake, na hatuna nia ya kumnyima mtu haki yake. Kilipambana na wachapaji walionakili vitabu vya wenzao bila idhini. Chini ya Adolf Kröner, mwishoni mwa miaka ya 1880, kiliweka utaratibu wa kitabu kuuzwa kwa bei ileile popote, utaratibu ambao Ujerumani iliutungia sheria maalumu mwaka 2002. Mwaka 1912 kilianzisha Leipzig maktaba ya kuhifadhi maandishi yote ya Kijerumani. Hawa hawakuwa wahuni. Walikuwa watu wa hesabu safi, waliopenda vitabu kwa dhati, na ndiyo maana kisa chao kinatuhusu sote tunaojiona watu wa heshima.

Tarehe 13 Mei 1933, siku tatu baada ya wanafunzi kuchoma vitabu hadharani Berlin na miji mingine, Börsenblatt lilitoa kwenye ukurasa wa mbele tamko la bodi ya chama. Waandishi kumi na wawili walitajwa kwa majina, wakiwamo Heinrich Mann, Lion Feuchtwanger, Kurt Tucholsky, Arnold Zweig na Erich Maria Remarque. Bodi ilisema waandishi hao wanaharibu heshima ya Ujerumani, na kwamba inatarajia wauza vitabu wasiendelee kusambaza kazi zao. Msingi wa tamko haukuwa hukumu ya mahakama. Ulikuwa makubaliano kati ya bodi na jumuiya ya utamaduni ya Wanazi. Kitabu cha Remarque kuhusu vita vya 1914 kilikuwa kimetoka mwaka 1929 na kuuzwa kwa mamia ya maelfu, na waliokiuza ndio haohao walioambiwa sasa wasikiguse.

Kuna utetezi unaorudiwa kila kisa cha namna hii kinapotajwa: jarida ni mali ya chama, bodi imeamua, mhariri angefanya nini? Hatuupokei. Hofu ilikuwapo, tena ya kweli, lakini hofu haielezi yote. Mwezi mmoja kabla, bodi hiyohiyo ilikuwa imeandaa mpango wa kuomba serikali mpya iwabane washindani wa wauza vitabu, yakiwamo maduka makubwa na vilabu vya vitabu. Walikuwa wanatafuta ulinzi wa soko. Majina kumi na mawili yalikuwa sehemu ya malipo, na ukurasa wa jarida ndio uliotumika kuyalipa.

Kabla mwaka haujaisha, biashara nzima ya vitabu iliwekwa chini ya chombo cha dola, na asiyekubalika humo hakuruhusiwa kufanya kazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili jarida liligawanyika kama nchi, toleo moja Leipzig na jingine Frankfurt, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bado linatoka.

Maktaba ya jimbo la Saxony mjini Dresden imeweka matoleo ya 1834 hadi 1945 kwenye mtandao, na ukurasa wa Mei 13 umo, haukuchanwa. Hilo ni jambo la kupongezwa. Vyama vingapi vingekubali ukurasa wao kama huo ubaki wazi?

Kwa hiyo tunadai jambo mahususi. Kila chama chenye jarida lake kiandike kwenye katiba yake kwamba mhariri ana haki ya kukataa kuchapisha tangazo la bodi linaloagiza mtu atengwe kwa sababu ya alichoandika, na kwamba hawezi kufukuzwa kwa kukataa huko. Kifungu hicho kipitishwe kwenye mkutano mkuu, wanachama wenyewe wakiwa wamekaa, wala si kwenye kikao cha bodi. Na mhariri atakayeajiriwa bila kifungu hicho asitie saini mkataba.