R15 V4: Acheni Kuniuliza Inashika Ngapi

Kila nikiongelea nduthi ndogo ya spoti, swali la kwanza ni lile lile: "Bro, inashika ngapi?" Hakuna anayeuliza inasimama aje. Hiyo ndiyo shida yetu.

Chukua Yamaha R15 V4, ile iliyotoka India mwaka wa 2021. Injini ni ya 155cc, silinda moja, inapozwa na maji, gia sita. Ukisoma namba tu unaweza kucheka. V3 ya India ilipoingia 2018 ilikuwa na nguvu za farasi 19.3. V4 ina 18.4. Yaani imefanyiwa apdeti na nguvu ikashuka! Wasee wengi waliishia hapo, wakasema ni rangi mpya tu.

Mimi nasema hii ndiyo R15 ya maana kuliko zote, na sababu haiko kwa injini. Toleo la India lilipata forki za mbele zilizopinduliwa, ile sehemu nene ikiwa juu. Ukifinya breki, forki hazipindi ovyo. Kuna pia mfumo unaopunguza nguvu tairi la nyuma likianza kuteleza, na ABS iko mbele na nyuma. Jumla ya uzito ni kilo 142. Ni nyepesi, inakutii.

Halafu kuna jambo la Nairobi ambalo watu husahau. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hivyo injini yoyote isiyo na tabo inapoteza nguvu kiasi. Zile 18.4 za karatasi hutazipata zote hapa. Ukienda nayo Mombasa utadhani imefanyiwa sabisi. Kwa hivyo kubishana juu ya farasi moja ni kupoteza muda.

Mwendo wake uko hivi: chini ni mpole, inatambaa kwa jam bila kelele. Ikifika mizunguko 7,400 kwa dakika, valvu za kuingiza hewa zinahamia mpangilio mwingine na inaanza kuvuta kwa kweli. Ukitaka kupita lori, shuka gia mbili kwanza. Ukiwa mvivu wa gia, hii si yako.

Raha yenyewe ni kona. Kushuka Magadi Road kutoka Corner Baridi, unaangalia unakotaka kwenda na inaenda. Ukishusha gia kwa haraka, klachi yake inaachilia kidogo, tairi la nyuma haliruki-ruki. Ni nduthi inayokufundisha kuendesha, si kushikilia tu na kuomba.

Sasa ukweli mchungu. Vishikio viko chini, na jam ya Waiyaki Way itakumaliza viganja. Kiti cha nyuma ni cha mtu unayetaka akuache. Na kwenye murram, ABS haifanyi miujiza: changarawe ni changarawe, punguza mwendo mapema.

Lakini fikiria siku ya kawaida. Mat imekata mbele yako bila indiketa, lami ina maji, kuna mtu anavuka. Hapo spidi ya mwisho haikusaidii chochote. Kinachokurudisha nyumbani ni gurudumu ambalo halikufunga. Tunazika vijana wengi mno kwa hizi barabara, na bado tunauza nduthi kwa kupiga picha ya mita ya spidi.

Kwa hivyo ukienda kuangalia ya mtumba, acha kuirevu mbele ya muuzaji. Washa ufunguo, taa ya ABS iwake. Endesha mita chache, iangalie ikizima. Ikibaki imewaka na muuzaji akuambie "hiyo si kitu," mrudishie ufunguo wake na utembee.