Meru Si Postikadi

Nimechoka kuambiwa kwamba kupiga picha ni kazi ya waliofeli shule. Nimeambiwa na mjomba, nimeambiwa na jirani, nimeambiwa hata na mzee nisiyemjua ndani ya haisi ya Ngaramtoni, aliponiona nimekumbatia kamera kama kifaranga. "Kijana, shule umeacha?" Shikamoo mzee wangu, shule sijaacha. Nina miaka 17, niko kidato cha nne, na fizikia ya mwanga naielewa vizuri zaidi tangu nilipoanza kushika lenzi. Lakini hilo hukuniuliza. Ulikwishaamua kwamba chalii mwenye kamera ni mhuni wa kwenye maharusi, anayesubiri sahani ya pilau na buku tano.

Basi leo, ndugu msomaji, naomba tugombane kidogo. Mimi nasema hivi: kijana wa Arusha anayejifunza kupiga picha anafanya kazi ambayo mji huu umewaachia wageni kwa zaidi ya miaka mia moja. Tena ni kazi ya lazima.

Bisha kama unaweza. Mwaka 1905 Mjerumani mmoja, Carl Georg Schillings, alitoa kitabu cha picha za wanyama wa nyika za kaskazini mwa nchi hii, wengine wakimulikwa usiku kwa mwanga wa ghafla. Mwaka 1962 ikatoka sinema ya Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa kwa sehemu kubwa huku kwetu, pande za Momella zikiwemo, na John Wayne akikimbiza vifaru kwa gari. Waigizaji wakuu wote ni wageni. Mwenyeji yupo, ila yupo pembeni. Baada ya hapo zikaja postikadi: simba, twiga, Mmaasai aliyesimama kwa mguu mmoja, Kilimanjaro nyuma yake. Simba wa kwenye filamu siku hizi wanapewa majina. Mmaasai yule anaitwa nani?

Hata mlima wetu umepigwa kutoka upande wa mgeni. Meru ina zaidi ya mita 4,500, na ubavu wake wa mashariki ulibomoka zamani, ndiyo maana ukiutazama kutoka Momella unaona shimo kubwa na kilima cha majivu ndani yake. Hiyo ndiyo picha ya kwenye vitabu. Sisi wa mjini tunaishi upande wa kusini. Tunaona mlima mzima, umesimama juu ya mabati ya Sanawari na kamba za nguo za Mianzini. Mlima huo, wenye nguo za watoto mbele yake, nani ameupiga? Kwenye maduka ya vinyago sijauona hata siku moja.

Simlaumu mgeni. Mgeni amekuja siku kumi, anapiga alichokifuata, anaondoka. Kosa ni letu sisi wenyeji tulioketi na kusema picha ni mambo ya watalii.

Najua kuna atakayesema: studio zilikuwepo! Kweli, zilikuwepo, na heshima yao naitoa. Kule Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, mwanawe Rohit akaiendeleza, na leo anayetaka kuona sura za Wazanzibari wa zamani anakwenda kutafuta humo. Ile ilikuwa familia moja tu na chumba chake cha giza. Lakini studio nyingi za miji yetu zilitusimamisha mbele ya pazia, tukavuta pumzi, tukapigwa paspoti saizi. Ulipoondoka, mtaa wako ulibaki nje.

Sasa nitaeleza kwa nini jambo hili linanichoma. Bibi yetu aliuza ndizi na mboga soko la Ngaramtoni tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Alikuwa na masikio yaliyotobolewa, shanga na tabasamu, kwa hiyo watalii walimpenda. Magari yalikuwa yanasimama, vioo vinashuka, picha zinapigwa. Nadhani bibi yangu yuko kwenye kuta za watu Ulaya na Marekani. Alipofariki miaka mitatu iliyopita tukatafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Nyumba nzima haikuwa nayo. Tulichukua ile ya kadi ya mpiga kura, ndogo kama ukucha, tukaipeleka kwenye duka la stesheni ikakuzwa mpaka ikawa vidoti. Watu wakapita kuaga vidoti. Mtu aliyepigwa picha labda mara elfu moja, watoto wake hawana hata moja! Halafu mniambie kamera ni uhuni.

Wapo wanaonijibu kwamba siku hizi kila mtu ana simu, shida imekwisha. Imekwisha wapi? Simu yako ina picha elfu tatu: sahani ya chipsi, viatu vipya, uso wako mwenyewe mara mia sita. Ngapi umezichapa? Ngapi zimeandikwa jina na tarehe? Siku simu inachomolewa mfukoni pale stendi, ukoo mzima unaondoka nayo. Kuwa na simu si kujua kupiga picha, kama vile kuwa na kalamu si kujua kuandika. Ninyi mnaotuma hadithi zenu kwenye jarida hili mnalijua hilo kuliko wote.

Kisha kuna jambo ambalo wenye simu hawaambiwi. Kamera ikiachwa ijiamulie, inapima mwanga wa sehemu zote na kutafuta wastani. Msimamishe mtu mweusi mbele ya anga jeupe: kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, na uso wa mtu wako unageuka kivuli chenye meno. Enzi za filamu ilikuwa vibaya zaidi. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, basi, kazi imekwisha. Miongoni mwa waliolalamika mpaka filamu ikaboreshwa ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwa sababu rangi za bidhaa zao zilikuwa hazitoki sawasawa. Umesikia? Chokoleti ilisikilizwa! Kwa hiyo anayejifunza kuongeza mwanga, au kumgeuza mama yake aelekee mlangoni ili sura yake itoke kama ilivyo, hachezi. Anasahihisha kosa la muda mrefu.

Na haya nimejifunza wapi? Si darasani. Mtaala wetu haukunipa hata kipindi kimoja cha picha. Nimejifunza nyumbani, Ngarenaro, chumba cha uani. Kaka yangu ni mchoraji wa mabango. Vichwa vilivyonyolewa kwenye kuta za saluni za mtaa wetu, nusu ni vya mkono wake. Kabla sijagusa kamera alinikatia tundu la mstatili kwenye boksi la sabuni, akaniambia nitembee nalo wiki mbili nikitazama mtaa. "Ukiingiza kila kitu, hujasema kitu," ndiyo kauli yake. Dada yangu anashona, na mashairi yake anayaandika kwenye daftari lile lile la vipimo vya wateja, kiuno cha mama fulani na ubeti chini yake. Kamera ni yeye aliyeninunulia, ya mtumba, kioo kimepasuka pembeni, kwa fedha ya kushona sare za shule. Sharti lake moja: kila picha iwe na jina la mtu, mahali na siku. Anasema picha isiyo na jina ni barua isiyo na anwani.

Ndiyo maana nasema na ninyi kaka na dada mnaoandika, mnaochora, mnaoimba. Chuo cha sanaa cha kwanza cha huyo mdogo wako ni wewe. Ukimcheka, umefunga chuo. Ukimpa boksi lenye tundu, umefungua.

Mnataka ushahidi kwamba umri mdogo si kikwazo? Samuel Fosso alifungua studio yake Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Mchana alipiga wateja. Vipande vya filamu vilivyobaki alijipiga mwenyewe usiku, apate picha za kumtumia bibi yake Nigeria. Picha hizo za kumtumia bibi zilionyeshwa Bamako mwaka 1994, na dunia ikamjua. Hapa kwetu tuna Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, aliyeanza na kamera ya mtumba akiwa mwanafunzi. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix pale Dar, akiwa na miaka kama 20. Mwaka 1984 ndiye aliyeshika kamera kule Korem, Ethiopia, na filamu yake ya njaa ikaitikisa dunia mpaka yakafuata matamasha ya Live Aid mwaka 1985. Angekuwa na mjomba kama wangu, njaa ile ingeonekana na nani?

Na msisahau mji huu huu ulivyowaita wahuni vijana wa rap. Kisha X Plastaz wakatoka hapa hapa Arachuga, na mwaka 2004 albamu yao ya Maasai Hip Hop ikasikika mbali. Ndani yake anaimba Mmaasai, na jina lake linajulikana: Yamat Ole Meipuko. Hiyo ndiyo tofauti ya msanii na mwuza postikadi. Msanii anakupa na jina.

Lakini wapiga picha wenzangu, msishangilie sana, nanyi nina neno lenu. Akina mama wa Kilombero wanafunika nyuso wakiona lenzi, na wana haki. Wameibiwa sura mara nyingi mno. Ukienda kuvizia kwa mbali kama mwindaji, umekuwa mtalii mwenye lafudhi ya Kichuga tu. Salimia. Omba. Ukikataliwa, sema asante upite. Ukikubaliwa, rudi na nakala. Mimi mama mmoja alinikatalia mara nne. Mara ya tano aliniita mwenyewe, amejifunga khanga mpya, akasema nimpige na wajukuu. Nilimpelekea picha Jumamosi iliyofuata. Sasa soko zima linaniuliza zamu yao lini.

Kwa hiyo acheni ubishi, tufanye kazi. Wewe unayesoma hapa, mwenye kamera au mwenye simu, chagua watu watano wa mtaa wako ambao hakuna atakayewaandika gazetini: fundi viatu, mama ntilie, babu wa kahawa. Amka mapema, saa kumi na mbili na nusu, mwanga ukiwa mlaini na mawingu hayajaufunika mlima. Omba ruhusa, piga, andika jina, mahali na siku. Kama wewe ni mwandishi, ongeza mistari mitatu ya maneno yao wenyewe. Kisha zichape kwenye karatasi, usiziache ndani ya simu. Nakala moja hifadhi. Ya pili mpe mwenyewe, mkononi, akiwa bado hai wa kuishika.